Kizuri Kula na Nduguyo: Habari za Mkate wa Asali wa Nürnberg

Sote twajua ya kuwa kuna chakula cha kushibisha tumbo, na kuna chakula cha kupelekeana. Ugali hupikwa ili watu wa nyumbani wasilale na njaa. Lakini mkate wa kumimina, au vitumbua vyenye iliki, au visheti vya siku kuu, havipikwi kwa ajili ya njaa. Hupikwa ili mtoto aitwe, apewe sahani iliyofunikwa kitambaa, aambiwe, "Mpelekee mama yako mkubwa, umwambie twamsalimu." Na yule mama apokeaye haachi sahani irudi tupu. Ndiyo maana wazee wetu walisema, Kizuri kula na nduguyo.

Desturi hii si yetu peke yetu. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mkate mmoja wa Ujerumani, mtamu kwa asali na mkali kwa viungo, ambao watu huuoka hasa wakati wa kungojea Siku Kuu ya Kuzaliwa kwa Bwana, wakaupeleka kwa ndugu, jirani na rafiki. Jina lake ni Lebkuchen, na mji ulio mashuhuri kwa kuuoka ni Nürnberg, katika nchi ya Bavaria. Kazi hiyo imefanywa katika mji ule zaidi ya miaka 600.

Tumeuchagua mkate huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni chakula kilichookwa tangu zamani kwa ajili ya kugawana. Pili, viungo vyake vilipita katika bahari yetu, na baadaye karafuu nyingi za dunia zilichumwa Unguja na Pemba. Basi tutakapoufuata mkate huu toka tanuru mpaka shambani, tutauliza neno moja tu: Huyo ndugu wa kula naye ni nani? Waliposema watu wagawane, nani alipata kipande, na nani aliachwa nje ya mlango?

Jinsi unavyookwa

Mwokaji hutia asali katika sufuria, akaipasha moto mpaka ikawa nyepesi, walakini haiachi ichemke. Ikiisha kupoa kidogo huichanganya na unga wa ngano, akaukanda. Zamani kinyunya hicho hakikuokwa siku ile ile. Kilifunikwa, kikawekwa mahali penye baridi kwa majuma mengi, hata miezi, ndipo kikatolewa. Kisha hutiwa viungo vilivyotwangwa: mdalasini, karafuu, iliki, kungumanga, tangawizi na giligilani. Ili kiumuke, hakitiwi chachu kama ya mkate wa kila siku, maana asali nyingi huizuia chachu isifanye kazi. Hutiwa chumvi iliyotolewa katika majivu ya kuni, mfano wa magadi yetu, au chumvi nyingine ambayo zamani ilipatikana kwa kuchoma pembe za ayala.

Aina iliyo bora ina unga kidogo sana, na badala yake huwa na lozi na jozi zilizosagwa. Hiyo hupakwa juu ya kaki nyembamba, mfano wa ile itumiwayo katika makanisa mengi kwa Meza ya Bwana, ili isigande katika bati la kuokea.

Mkate wa namna hii una sifa moja iliyo kubwa kwa habari yetu: hauharibiki upesi. Asali huuhifadhi, na aina nyingine huzidi kulainika kadiri ziwekwavyo. Waweza kufungwa katika sanduku, ukachukuliwa safari ya majuma, ukamfikia ndugu aliye mbali ungali mzuri. Mkate wa kawaida huliwa na aliye karibu. Mkate huu waweza kumfuata hata aliye mbali.

Asali ya msituni

Nürnberg umezungukwa na misitu mikubwa ya misonobari. Hapo kale misitu hiyo ilikuwa mali ya Kaisari, na ndani yake walikuwamo watu ambao kazi yao ilikuwa kutunza nyuki. Hawakutundika mizinga kama sisi. Walitoboa mashimo katika mashina ya miti iliyo hai, juu sana, nyuki wakaingia humo, nao wakapanda kwa kamba kuitoa asali. Nta ilikwenda makanisani kwa mishumaa, na asali ikaenda kwa waokaji. Mwaka 1350 Mfalme Karl IV aliwathibitishia watunza nyuki hao haki zao kwa hati. Walikuwa na baraza lao wenyewe la kuamulia mashauri yao, katika kijiji cha Feucht, na walipewa ruhusa ya kuchukua upinde.

Basi utamu waliupata karibu na nyumba zao. Ukali wa mkate ulitoka mbali.

Viungo vya mbali

Katika siku zile mdalasini ulitoka kisiwa cha Ceylon, ambacho leo chaitwa Sri Lanka. Iliki, tangawizi na pilipili manga zilitoka pwani ya Malabar katika Bara Hindi. Karafuu zilikua katika visiwa vichache tu vya Maluku, na kungumanga katika visiwa vidogo vya Banda, mbali huko mashariki, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Viungo hivi vilipita mikono mingi. Vilivuka Bahari ya Hindi katika majahazi ya Waarabu na Wahindi, vikapanda Bahari ya Sham, vikafika Misri, vikauzwa Aleksandria kwa watu wa Venice. Huko Venice wafanya biashara wa Kijerumani walikuwa na nyumba yao kubwa tangu mwaka 1228, nao wakavipeleka juu ya wanyama kuvuka milima ya Alpi mpaka Nürnberg. Kila mkono uliovishika uliongeza bei.

Kwa ajili ya umbali huo, watu wa Ujerumani walizoea kuita "pilipili" viungo vya namna nyingi, na hivyo mkate wenyewe waliuita pia Pfefferkuchen, maana yake mkate wa pilipili. Mwokaji wa mkate huu ametajwa katika maandiko ya Nürnberg tangu mwaka 1395. Mwaka 1643 waokaji hao walipata chama chao peke yao, wakatengwa na waokaji wa mikate ya kawaida, na tangu hapo mtu asiyefunzwa kazi hiyo hakuruhusiwa kuifanya mjini.

Watoto 4,000

Katika habari za mji ule iko moja ipendwayo sana. Mwaka 1487 Kaisari Friedrich III alikuwako Nürnberg kwa mkutano mkuu wa dola. Akaagiza watoto wa mji wakusanyike chini ya ngome. Wakaja wapata 4,000, na kila mmoja akapewa mkate wa asali wenye sura ya Kaisari juu yake. Hebu tufikiri shangwe ya siku ile. Mtoto wa mshona viatu, ambaye baba yake hakuweza kununua hata chembe moja ya karafuu, akaonja utamu wa tajiri.

Hatuwezi kuidharau zawadi ile, maana mtoto akipewa kitamu hakisahau. Walakini mwenye kusoma tarehe hana budi kuuliza pia juu ya wale wasiokuwako. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini hata moyo utoao una mipaka yake, na mipaka ya moyo huonekana katika orodha ya walioalikwa.

Soko na waliokuwa wakikaa pale

Kati ya Nürnberg uko uwanja mkubwa wa soko. Kila mwaka, katika majuma ya kungojea Kuzaliwa kwa Bwana, vibanda vya mbao husimamishwa pale, na mikate ya asali huuzwa, na watu wa nchi nyingi huja kuinunua wapate kuwapelekea jamaa zao. Kando ya uwanja lasimama kanisa la Bikira Maria.

Zamani mahali pale hapakuwa na uwanja. Zilikuwako nyumba za Wayahudi, na sinagogi lao lilikuwa hapo lilipo kanisa leo. Mwezi wa Novemba 1349 Mfalme Karl IV aliwapa watu wa mji ruhusa ya kuzibomoa nyumba zile ili wapate nafasi ya soko. Siku ya 5 Desemba Wayahudi wakashambuliwa, na watu wasiopungua 562 wakauawa, wengi kwa moto. Mfalme huyu ndiye yule yule aliyewapa watunza nyuki hati yao mwaka uliofuata. Mkono mmoja ulilinda asali, mkono mmoja ukaacha jirani wateketezwe.

Baadaye Wayahudi wengine walikuja kukaa mjini. Hao nao wakafukuzwa, wakatoka mwaka 1499. Watoto wao hawakuwa na nafasi katika mji ule tena kwa miaka 350, hata mwaka 1850 ndipo Myahudi wa kwanza akapewa tena haki ya mwenyeji. Basi mkate uliuzwa juu ya ardhi ile, ukatumwa kwa rafiki na ndugu, na walionunua walikanyaga mahali pa jirani asiyekuwa na kipande.

Njia ya bahari

Sasa tugeukie upande wa viungo. Wareno walitaka kununua viungo palipo na asili yake, wasipite kwa watu wa Misri na Venice. Vasco da Gama alizunguka Afrika, na mwaka 1498 akapanda pwani yetu, na mwezi wa Aprili akafika Malindi. Mfalme wa Malindi alimpokea, akampa rubani ajuaye njia, na mwezi wa Mei merikebu zake zikafika Calicut katika Malabar. Hivyo njia mpya ya kuendea viungo ilipita mlangoni petu. Faida yake haikukaa kwetu. Miji ya pwani, kama Kilwa na Mombasa, ilishambuliwa na kutekwa mwaka 1505.

Baada ya Wareno walikuja Waholanzi, ambao kampani yao kubwa ya biashara iliundwa mwaka 1602. Walitaka kungumanga yote ya dunia iuzwe na wao peke yao. Watu wa Banda walikuwa wamezoea kumwuzia kila mgeni ajaye, wakakataa kufungwa na mnunuzi mmoja. Mwaka 1621 mkuu wa Waholanzi, Jan Pieterszoon Coen, akaenda na jeshi. Wenyeji wengi sana waliuawa, wengine wakafa kwa njaa milimani, wengine wakachukuliwa utumwani Batavia. Mashamba yao yakagawiwa Wazungu, na watumwa wakaletwa kuyalima. Tena katika visiwa vya Maluku Waholanzi waling'oa mikarafuu mahali pengi, wakaiacha hasa Ambon, ili karafuu zisiwe nyingi na bei isishuke.

Mama wa Nürnberg aliyekwangua kungumanga katika unga wake hakuyajua hayo. Alifikiri juu ya wanawe na jirani zake, na moyo wake ulikuwa mwema. Hata hivyo utamu aliougawa ulikuwa umelipiwa na watu wengine kwa machozi.

Karafuu za Unguja

Ufungo wa Waholanzi haukudumu. Mwaka 1770 miche ya karafuu ilichukuliwa kwa siri na watu wa Mfaransa Pierre Poivre, ikapandwa katika kisiwa kiitwacho leo Morisi. Mapema katika karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Sayyid Said wa Oman aliona faida yake, akaagiza wenye mashamba waipande kwa wingi, naye mwenyewe akawa na mashamba mengi, hata akahamishia kiti chake Unguja. Kabla karne haijaisha, Unguja na Pemba zilikuwa zikiipa dunia sehemu kubwa ya karafuu zake. Wafanya biashara wa Hamburg walikuwa na nyumba zao mjini Unguja, na mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilifanya mapatano ya biashara na Sultani. Kwa hiyo si vigumu kuona njia ambayo karafuu ya Pemba iliweza kufika katika tanuru ya Ujerumani.

Na nani aliyezichuma? Karafuu ni ua lisilofunguka bado. Lazima lichumwe kwa mkono kwa wakati wake, kabla halijachanua. Kisha makonyo huchambuliwa, na karafuu huanikwa juani juu ya majamvi siku kadha wa kadha mpaka zikakauka. Ni kazi ya mikono mingi. Katika siku zile mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Wengi walikamatwa katika nchi za kando ya ziwa Nyasa, wakatembezwa wamefungwa mpaka Kilwa, wakapakiwa katika majahazi. Wako wasomaji wetu ambao mababu zao walipita njia ile, au walingojewa nyumbani wasirudi.

Mwaka 1872 tufani kubwa iliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Ya Pemba ikapona, na tangu hapo Pemba ikawa na karafuu nyingi kupita Unguja. Mwaka 1873, siku ya 5 Juni, Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa mjini likafungwa. Mahali pale pale, siku ya Kuzaliwa kwa Bwana mwaka ule, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga. Walakini waliokuwa watumwa mashambani waliendelea kuchuma karafuu za bwana zao, na sheria ya kuufuta utumwa wenyewe katika Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897 tu.

Tazameni, basi, masoko mawili na makanisa mawili. Huko Nürnberg kanisa lilijengwa mahali walipofukuzwa jirani, na kwa miaka mingi halikuwasemea. Huku Unguja kanisa lilijengwa mahali walipouzwa watu, ili waingiao wasisahau. Jengo moja huweza kuficha neno lililotendeka, na jengo moja huweza kulishuhudia. Na mkate ni hivyo hivyo.

Mambo ya karibu

Katika karne ya 19 bei ya viungo ilishuka, na sukari ya mizizi mitamu ya Ulaya, aina ya bitiruti, ikaanza kushindana na asali. Sasa hata nyumba maskini iliweza kuoka mkate wa viungo. Ilionekana kana kwamba kugawana kumewafikia wote. Kumbe sivyo. Mwezi wa Septemba 1935, katika mji ule ule wa Nürnberg, serikali ya Hitler ilitangaza sheria za kuwanyang'anya Wayahudi uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Tangu Novemba 1941 Wayahudi wa Nürnberg walipakiwa katika magari moshi, wakapelekwa mashariki, na waliorudi ni wachache sana. Siku ya 2 Januari 1945 mji wa kale ulipigwa mabomu, ukawa magofu. Soko la Kuzaliwa kwa Bwana, lililokuwa limekoma wakati wa vita, lilifunguliwa tena mwaka 1948 katikati ya magofu hayo.

Tangu mwaka 1996 jina la mkate wa Nürnberg limelindwa kwa sheria za Ulaya, hata mtu aliyeoka nje ya mji hawezi kuuza wake kwa jina hilo. Ni haki kulilinda jina la kazi njema. Lakini mkate umelindwa upesi na kwa uangalifu kuliko walivyolindwa watu.

Neno la mwisho

Wako watakaosema, "Basi tuache kula vitamu, kwa kuwa vina historia mbaya." Sisi hatusemi hivyo. Karafuu haikutenda dhambi, wala asali. Anayeoka kwa ajili ya jirani afanya vizuri, na heri aendelee kuoka. Twasema hili tu: kugawana hakuanzi katika sahani. Kwaanza shambani, kwa bei anayopewa mchumaji. Kwaendelea dukani, kwa mizani iliyo sawa. Ndipo kwafika jikoni na mezani. Mwenye kugawa kipande kwa mkono wa kuume, na kumnyima mchumaji ujira wake kwa mkono wa kushoto, amegawa mali ya mwingine.

Tena hatuwezi kuwatazama watu wa Nürnberg tu, tukajisahau. Katika vijiji vyetu wamo wasiopelekewa sahani: mjane mgeni asiye na ukoo hapa, jirani wa dini nyingine, mtu aliyekuja kutafuta kibarua, na mzee ambaye watoto wamemwita mchawi. Sikukuu ijayo, mama atakapotwanga iliki na karafuu, na mtoto atakapoitwa kuchukua sahani, ahesabu milango. Akiona mlango mmoja umerukwa mwaka hata mwaka, aulize kwa nini. Na ikiwa hakuna jibu jema, amtume mtoto huko kwanza.